Mvuvi Asiyeleta Kitoweo

Mama Magamba hakuwahi kutapishwa na samaki. Tangu usichana wake alikuwa akiingiza mkono matumboni mwao, akiwaparua mpaka magamba yanamganda kwenye kope, na bado jioni alikula chakula chake akashiba. Kilichomtia kichefuchefu ni watu. Na siku ile, katika ukumbi wa hoteli ya wavuvi, watu walikuwa wengi.

Walikuja kumkumbuka kaka yake. Kila mmoja alikuwa na sura ya msiba aliyoivaa pale mlangoni, na kila mmoja alimshika mkono kwa mikono miwili laini yenye marashi, akamwambia kwamba amempoteza baba, au rafiki, au ndugu. Mama Magamba aliitikia, "Ahsante," huku akijiuliza hawa ndugu walikuwa wapi wakati ndugu yao anakohoa makohozi ya kijani katika chumba chake cha uani, na yeye na mumewe, fundi cherehani, wanapokezana beseni. Waliotuma maua walikuwa wengi. Maua! Mtu anaumwa kifua, umpelekee maua, ayafanyeje? Ayachemshe anywe?

Marehemu alikuwa kiongozi wa wavuvi wa hoteli ile. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni mtoni, kuwaonyesha samaki wa madoa wanapojificha, na kuwafundisha kurusha mshipi wenye nzi wa bandia. Nzi huyo hufungwa kwa unyoya na uzi juu ya ndoana ndogo, na samaki humdhania mdudu wa kweli aliyedondoka majini. Alianza ujana wake pale kwa kubeba mikoba ya wageni na kuwaanikia soksi zao. Huku akianika soksi alikuwa anatazama, na waliodhani wanamtuma walikuwa wanamsomesha. Baada ya miaka wageni hawakutaka tena kwenda mtoni na mtu mwingine.

Nyumbani alikuwa balaa. Kila alipokuja kwa dada yake alikaa karibu na dirisha, akatoa koleo lake dogo, akaanza kufunga nzi. Manyoya ya kuku yaliingia kwenye mtungi wa maji, yakaingia kwenye unga, yakaonekana hata kwenye ndevu za shemeji yake. Nyuzi nzuri za cherehani zilipotea, hasa za rangi ya kahawia. Siku moja jirani alikuja analia kwamba paka wake amenyolewa mkia.

"Kaka, we una akili timamu kweli?" Mama Magamba alimfokea. "Mimi kutwa nafukuza nzi mezani kwangu, na wewe mtoto wa mama yangu umekaa hapa unawatengeneza!"

"Wako wanakuja bure," kaka yake alimjibu bila kuinua macho. "Wangu lazima niwaombe."

Lakini hilo la nzi lilikuwa dogo. Kilichomkera Mama Magamba mpaka akawa anatema mate akilisimulia ni kwamba kaka yake hakuleta samaki. Hata mmoja. Wa kuvuliwa walivuliwa, tena wakubwa, wanene, wa kumfanya muuza samaki adondokwe na udenda. Kisha wakarudishwa majini. Ameona wapi jambo kama hilo? Wavuvi wote anaowajua hurudi mikono mitupu kwa kukosa. Kaka yake peke yake alirudi mikono mitupu kwa kupata.

Hapo ndipo jina lake lilipotoka. Mgeni alipomvuta samaki mpaka ukingoni na kuanza kupiga kelele za furaha, kiongozi wake aliinama pembeni yake na kusema polepole, kama anayembembeleza mtoto aliyekwapua kitu cha mwenzake, "Mwachie, mwachie." Alisema hivyo asubuhi na jioni, masika na kiangazi, mpaka wapishi wakaanza kumwita Mwachie, wahudumu wakafuata, wageni nao. Hatimaye akawa Mzee Mwachie, na jina lilivyozoeleka hakuna aliyelisikia tena kama neno. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwa dada yake.

Alikuwa na sheria zake, na juu ya sheria hizo hakumwogopa mtu. Ndoana yoyote aliipokea kwanza yeye, akakibana kwa koleo kile kijino kinachozuia isichomoke. Mikono ililoweshwa kabla ya kumgusa samaki. Na mgeni aliyetaka kumtoa samaki majini apigwe naye picha aliambiwa abane pumzi pamoja naye. "Siku ukianza kutaka hewa, ujue na mwenzako anataka," alisema. Wanene waligeuka wekundu haraka, na picha zao zilitoka zimetikisika.

Wengine walimbusu samaki mdomoni. Mama Magamba alipozisikia habari hizo alijifunika uso kwa kanga. Umtege kwa uongo, umtoboe taya, umchoshe mpaka alale ubavu, halafu umbusu! Afadhali yeye, anayewapasua. Angalau hajawadanganya kwamba anawapenda.

Kaka yake alioa mara moja. Mke alikuwa mpole, na alivumilia soksi mbichi, manyoya, na harufu ya mabuti ya mpira yasiyokauka, ile harufu ya choo cha kuku. Alivumilia hata kwenda kununua samaki kwa wifi yake huku majirani wakimcheka. Kilichomshinda ni Bi Mkubwa. Kila mumewe alipoamka alfajiri akaulizwa aendako, alijibu, "Naenda kumwangalia Bi Mkubwa." Akirudi anatabasamu, akiulizwa anasema, "Bi Mkubwa hajambo leo, ametoka nje kidogo." Mke alilia, akamfuata wifi yake sokoni, akataka kujua mwanamke huyo ni nani na anakaa wapi. Mama Magamba akatupa kisu, wakaandamana hadi mtoni kumfumania.

Walimkuta amelala kifudifudi juu ya daraja la mbao, peke yake, anatazama maji. Bi Mkubwa alikuwa samaki.

Mke alitazama chini, akamtazama mumewe, akasema, "Kumbe mimi ni bi mdogo wa samaki." Kabla ya mwezi kuisha alikuwa kwao, na hakurudi. Mtoto hawakupata.

Mama Magamba alibaki darajani siku ile, ana hasira za kutosha kumsukuma kaka yake majini. Lakini aliangalia. Ni kazi yake kuangalia samaki, na jicho halina adabu. Chini ya kivuli cha daraja, pale dimbwi linapokuwa jeusi, alikuwako jike ambaye mfano wake Mama Magamba hajawahi kuletewa mezani. Mgongo mpana, madoa kama mbegu za papai, mkia umekatika pembe moja. Taya la chini lilipinda upande, akawa kama bibi kizee anayemsengenya mtu.

"Taya lile ni kosa langu," kaka yake alisema. "Zamani, mgeni alimnasa kwa ndoana yenye kijino. Nikachelewa kumnasua. Tangu siku hiyo ndipo nikaanza kubana ndoana."

"Basi si umtoe tu aliwe, apumzike?"

"Umri huu wote amekimbia ndege, fisi maji, ukame na wazungushaji mishipi. Halafu aje afe kwenye karai lako, mdogo wangu?"

Mama Magamba alimwambia kwamba ana wazimu, na kwamba mama yao huko aliko amejifunika uso. Lakini hakumwambia mtu yeyote sokoni samaki yule yuko wapi. Huo ndio mchango wake katika mambo ya kaka yake, na ulimgharimu, kwa kuwa si mtu wa kuficha habari.

Yule mzee alifanya kazi mpaka vidole vikakunjamana kwa maji baridi, mpaka akawa anavuka mto ameegemea wageni aliopaswa kuwashika yeye. Kikaja kifua. Akafa. Alichoacha ni sanduku la nzi na ufito wake wa kuvulia, vyote vilivyobaki hotelini, na jozi moja ya soksi mbichi. Mke hakuna, mtoto hakuna, na Mama Magamba alipomfikiria usiku ule wa matanga, hilo ndilo aliloliogopa: kwamba yeye mwenyewe akiondoka, hakutakuwa na mtu duniani wa kusema kwamba kaka yake aliwahi kuwapo.

Ndiyo maana meneja wa hoteli alipokuja sokoni, Mama Magamba hakumfukuza. Alitamani. Kijana yule alisimama mbali na meza, viatu vyake vinakwepa maji ya damu, leso puani kana kwamba amefika chumba cha maiti, na huku hotelini kwake kutwa wanapamba menyu kwa picha za samaki.

"Mama, tunataka kumuenzi mzee wetu," alisema kupitia leso. "Tutaweka kumbukumbu ukumbini, ukutani, na jina lake kwenye shaba. Itakaa pale daima. Tungependa familia ndiyo ifunue."

Ukutani. Daima. Mama Magamba alishika ukingo wa meza asionyeshe alivyofurahi. Mumewe alimshonea gauni jipya, na kwa mara ya kwanza akatumia uzi wa kahawia bila kulalamika kwamba umeibwa.

Basi ndivyo alivyofika pale ukumbini, amekaa mbele, mbele yake ukuta, ukutani kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Kabla ya hotuba waliletewa chakula. Mama Magamba alikuwa amekunywa chai na mikate nyumbani, hakuwa na njaa, lakini kuacha chakula kwenye kumbukumbu ya ndugu yako ni aibu. Akala. Kilikuwa samaki, amewekwa limau juu na majani kando.

Tonge la kwanza tu alijua kuna kasoro. Nyama ilikuwa nene, ya kijivu, inaachana vipande vikubwa, na nyuma ya limau kulikuwa na ladha ya tope. Samaki mzee. Jike tena. Nani kanunua samaki mzee hivi, akajiuliza kwa dharau ya kikazi, wamepigwa hawa, mpishi amelala au mnunuzi kala chake. Akamaliza sahani yote. Mhudumu akamwongeza kipande kidogo, "Hiki cha familia, mama," na hicho nacho akakimaliza.

Meneja alisimama akasema kwamba hoteli ile ni familia. Alisema neno familia mara nyingi hivi kwamba Mama Magamba alianza kutazama kama labda wanafanana. Kisha akamkaribisha daktari wa meno.

Daktari wa meno alikuwa mgeni wa kila mwaka, mzee mwenye nywele nyeupe na mabega ya mtu aliyeinamia vinywa vya wengine maisha yake yote. Kati ya wote waliomshika mkono mlangoni, huyu peke yake macho yake yalikuwa mekundu kweli. Alizungumza bila karatasi.

"Aliniambia siri moja tu maishani mwake," alisema. "Samaki wa chini ya daraja. Alinionyesha, akasema, huyu ni wetu wawili. Majuzi meneja aliponiambia tumfanyie mzee kumbukumbu, nikafikiri, ni kitu gani alikipenda kuliko vyote? Nikachukua ufito wake mwenyewe. Nikafungua sanduku la nzi wake mwenyewe. Nikaenda alfajiri kama alivyokuwa akienda yeye." Sauti ilimkatika. "Nilirusha mara moja tu. Hakupigana. Alikuja mpaka miguuni pangu, taratibu, kana kwamba ananijua."

Watu walipiga makofi. Bibi mmoja alijifuta machozi.

Mama Magamba hakuwa ameelewa bado, au hakutaka kuelewa. Meneja alimshika kiwiko akamsimamisha, akampa ncha ya kitambaa. Akavuta.

Walikuwa wamempaka vanishi. Aling'aa kama kiti kipya. Ndani ya ngozi walijaza sijui pamba, sijui maranda, tumbo likawa mviringo ambao samaki hai hana. Jicho lilikuwa kioo, la rangi ya chungwa, na midomo aliyeitengeneza alikuwa ameipaka rangi nyekundu, kama mwanamke anayepelekwa kupigwa picha asiyotaka. Lakini mkia ulikuwa umekatika pembe moja, na taya la chini lilipinda upande.

Chini yake, kwenye shaba iliyosuguliwa, waliandika: MZEE MWACHIE.

Alisoma, akasoma tena. Hakuna hata mmoja aliyesikia walichokiandika. Samaki aliyeuawa, na chini yake amri ya kumwacha aende.

Meneja alimnong'oneza, "Mama, neno moja tu kwa niaba ya familia."

"Nyama yake iko wapi?" Mama Magamba aliuliza.

"Samahani?"

"Ngozi iko ukutani. Nyama iko wapi?"

Meneja akatabasamu kwa aibu njema, kama mtu aliyefichuliwa wema wake. "Tulifikiri, mama, isipotee bure, tukaitunza kwenye barafu. Kila mmoja wetu leo ameshiriki."

Mama Magamba alihisi ulimi wake mwenyewe umekuwa kitu kigeni kinywani. Katika maisha yake alikuwa ameona samaki waliooza wakiuzwa kwa wagonjwa, ameona funza wakioshwa kwa ndimu, ameona mtu akiokota kichwa mtaroni akakirudisha mezani. Hakuwahi kuchukizwa namna hii. Yote yale ilikuwa njaa au tamaa, vitu vya kibinadamu. Hawa walikuwa wameshiba, na walilia huku wanatafuna.

Aliwageukia. "Mmeandika jina gani hapo?" aliuliza, na sauti yake ya sokoni ilifika mpaka jikoni. "Someni. Si jina, ni neno. Mlimwita hivyo kwa sababu ndilo alilowaambia kila siku. Lisomeni polepole, nyie wasomi wa kubusu samaki."

Katika kiti cha nyuma, midomo ya mtu mmoja ikaanza kucheza, ikilitamka silabi kwa silabi. Daktari wa meno hakuhitaji kusoma. Alishika paji la uso.

"Mama Magamba," alisema, "wallahi, nilikwenda kwa heshima yake."

"Najua," alimjibu. "Ndiyo maana siwezi hata kukutukana vizuri. Unajua kwa nini hakupigana? Maana ndoana za ndugu yangu alishazizoea. Zikimshika, anajua ataachiwa. Hukumvua wewe, daktari. Alikuamini."

Daktari wa meno aliketi, akalia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Litoeni jina," Mama Magamba alisema.

Meneja alianza maneno. Kwamba shaba ile ni ya hoteli. Kwamba wageni wamechanga. Kwamba wanaweza kubadilisha maandishi, wakaandika jina lake la kuzaliwa, kwa herufi kubwa zaidi, familia ikipenda.

Hapo ndipo alipojaribiwa. Jina la kuzaliwa, lile lililobaki kwake peke yake, kwa herufi kubwa, ukutani, daima. Wangepita watu ambao hawajazaliwa bado, wangesoma. Alilitaka hilo kuliko alivyotaka gauni, kuliko alivyotaka uzee mwema. Kisha akamtazama yule samaki aliyepakwa midomo, akafikiria watu hao ambao hawajazaliwa bado wakisoma jina la kaka yake na kusema, tazama, huyu ndiye aliyemuua.

"Jina lake hamtapewa," alisema. "Na hilo litoeni."

Meneja hakusogea. Aliyesimama ni daktari wa meno. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akapanda juu ya kiti, na kwa mikono ile iliyozoea kung'oa akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Shaba ilipotoka aliishika kifuani, hajui aipeleke wapi.

"Sasa watu watamkumbukaje?" alimuuliza, bado yuko juu ya kiti.

"Hawatamkumbuka," Mama Magamba alisema. Ilimuuma kulitamka kuliko alivyodhani, akalirudia ili limuume vizuri. "Hawatamkumbuka. Basi."

Akatoka kwa mlango wa jikoni, kwa sababu ule wa mbele ulikuwa na watu. Nyuma ya jiko, karibu na mapipa, mpishi alikuwa amemwaga mifupa ya Bi Mkubwa, na paka wa hoteli walikuwa wameuzunguka uti wa mgongo, wakubwa kwa wadogo, mmoja ana kipara cha ukurutu, wananguruma bila kuinua vichwa. Mama Magamba aliinama ukutani, akatapika vyote, cha kwanza na kile cha familia. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa gauni jipya, akaokota jiwe awafukuze paka. Akalishika kidogo, kisha akaliangusha chini. Katika wote waliomla samaki yule siku ile, hao ndio peke yao waliokuwa na njaa.